Amosi Alikuwa na Mikuyu Yake: Mimbari, Michango na Wanasiasa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya wajumbe wa kamati za sharika. Inachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe, ikiwa imefupishwa kidogo.)



Tumepewa kichwa kirefu cha habari, "Mahubiri ya Kikristo na hali ya siasa nchini". Bila shaka wengi wenu mlipokiona kwenye ratiba mlitegemea kwamba angesimama mwalimu wa theolojia. Badala yake mmeletewa watu wa ofisi ya miradi, wale mliozoea kuwaona wakija na mafaili ya visima, ng'ombe wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Waandaaji wa semina hawakukosea. Sisi ndio tunaopita kwenye vitabu vya mapato vya sharika mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo imetufundisha jambo moja. Ukitaka kujua mhubiri wa usharika fulani ana uhuru kiasi gani wa kusema juu ya mambo ya nchi, usianze kwa kusikiliza mahubiri yake. Anza na daftari la mhazini. Tazama ni nani aliyelipia mabati.

Naomba tufungue Amosi sura ya 7, kuanzia mstari wa 10. Habari hii mnaifahamu. Amosi ametoka Tekoa, upande wa Yuda, amevuka mpaka na kwenda kuhubiri Betheli, katika ufalme wa kaskazini. Anasema mambo mazito: maskini wanauzwa kwa thamani ya jozi ya viatu, mizani imechezewa sokoni, wenye haki wanakosa hukumu langoni kwa sababu waamuzi wamepokea rushwa. Kuhani Amazia anapeleka habari kwa mfalme Yeroboamu, kisha anamgeukia Amosi na kumwambia arudi kwao akale mkate wake huko. Lakini angalieni sababu anayoitoa. Hasemi kwamba Amosi amesema uongo, wala hasemi kwamba mizani ya sokoni ni sawa. Anachosema ni kwamba hapo Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme, ni nyumba ya ufalme. Kwa maneno ya mitaani, hapa pana mwenyewe.

Je, Amazia alikuwa anatia chumvi? La hasha. Rudini 1 Wafalme 12, mstari wa 26 na kuendelea. Betheli ilikuwa mahali pa ibada tangu siku za mababa, lakini ile hekalu yenye ndama wa dhahabu ilisimamishwa na Yeroboamu wa kwanza, baada ya taifa kugawanyika. Maandiko hayafichi kwa nini. Aliogopa kwamba watu wakiendelea kupanda kwenda Yerusalemu kuabudu, mioyo yao itamrudia mfalme wa Yuda. Basi akatoa dhahabu, akajenga, akaweka makuhani aliowachagua mwenyewe, akapanga na tarehe ya sikukuu. Kwa lugha ya leo, alijenga nyumba ya ibada ili asipoteze wapiga kura. Zaidi ya miaka 150 baadaye, chini ya mfalme mwingine mwenye jina lilelile, dhahabu ile bado ilikuwa inalipwa. Ililipwa kwa ukimya wa kuhani.

Na Amosi naye anajibu nini? Hapa ndipo sisi watu wa miradi tunapochangamka. Anasema yeye si nabii wa kuajiriwa wala mwana wa nabii. Ni mfugaji na mtunza mikuyu. Wahubiri wengi husoma mstari huu kama unyenyekevu wa mtu asiye na elimu. Sisi tunausoma pia kama taarifa ya mapato. Amosi ana mifugo yake na ana mikuyu yake. Chakula chake hakipikwi Betheli, kwa hiyo Betheli haiwezi kumfunga mdomo. Amazia alidhani kumtishia mtu kwa mkate kunatosha, kwa kuwa yeye mwenyewe angenyamaza kwa tishio hilo.

Ndugu wajumbe, hebu sasa tuje nyumbani.

Neno "takrima" ni neno zuri, lina maana ya ukarimu na heshima kwa mgeni. Mwaka 2000 Bunge letu lilifanya marekebisho katika Sheria ya Uchaguzi, na neno hilo likapata kazi mpya: ukarimu wa jadi unaofanywa na mgombea kwa nia njema usihesabiwe kuwa ni rushwa. Uchaguzi wa mwaka 2005 ulifanyika kifungu hicho kikiwepo. Pilau ikapikwa, kanga, kofia na fulana zikagawiwa. Mashirika matatu ya kutetea haki, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikuwa yamefungua shauri, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba. Hoja zilikuwa nyepesi kueleweka hata kwa asiyesoma sheria. Mgombea mwenye fedha na mgombea asiye nazo hawasimami mahali pamoja pale ambapo ukarimu unaruhusiwa kununua. Tena hakuna aliyeweza kuonyesha ukarimu unaishia wapi na rushwa inaanzia wapi. Baadaye ikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mwaka 2010 Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Kwa hiyo kisheria takrima ilikwisha zamani. Lakini desturi haifi siku jaji anaposoma hukumu. Inahama. Kwa maoni yetu, sehemu moja ilikohamia ni harambee ya nyumba ya ibada. Mtia nia akigawa fulana uwanjani anaweza kuulizwa maswali. Akisimama mbele ya madhabahu na kutoa mifuko mia ya saruji anapigiwa makofi na vigelegele, kwaya inaimba, na mchungaji anamwombea. Nani atakwenda kumshitaki mtu aliyetoa sadaka? (Tuseme kwa haki kwamba hili si la Wakristo peke yetu. Mtia nia huyohuyo Ijumaa alikuwa msikitini na zulia jipya, na ndugu zetu Waislamu wanalizungumza kwa uchungu uleule.)

Angalieni pia kalenda yake. Wengine hudhani hatari iko ndani ya miezi miwili ya kampeni. Wenye uzoefu wanajua kwamba kazi kubwa hufanyika kabla ya kura za maoni ndani ya vyama, wakati bado hakuna mgombea rasmi, kuna "watia nia" na "wadau wa maendeleo" tu. Uchaguzi mkuu ujao ni 2030, na wa serikali za mitaa ni 2029. Ugeni rasmi utaanza kutolewa mapema sana, na barua zenu za kuomba ugeni huo wakati mwingine ndizo zinazoufungua mlango.

Tunaujua usharika mmoja, ambao hatutautaja. Kanisa lilikuwa limesimama kwa kuta miaka mingi, mvua ikinyesha ibada inavunjika. Akatokea mtu mwenye uwezo, mzaliwa wa pale aishiye mjini, akaezeka kanisa zima kwa mkupuo. Hakudai kitu. Hakuna mkataba ulioandikwa, hakuna neno baya lililosemwa. Jina lake likaandikwa kwa rangi ukutani karibu na mlango. Baadaye akachaguliwa kushika nafasi katika eneo lile. Mwaka uliofuata ukazuka mgogoro wa bustani za kandokando ya mto, ambako akina mama, wengi wao wajane, walikuwa wakilima mboga kiangazi. Eneo likapimwa, likapewa mtu mwingine, na mheshimiwa yule alikuwa mmoja wa waliobariki. Akina mama wale ni washarika. Walikwenda kwa mchungaji wao. Mchungaji si mwoga, tunamfahamu, wala si mla rushwa. Hakupokea hata senti moja mfukoni mwake. Lakini alipotaka kulisema jambo lile katika ibada, hata kuliombea tu hadharani, wazee wake walimsihi aliache. Walimkumbusha ni nani aliyewatoa kwenye mvua. Na yeye aliinua macho akayaona mabati.

Wale akina mama bado wanakuja kanisani. Wanakaa chini ya paa lile. Bustani hawana.

Tumelisimulia hili kwa sababu picha ya rushwa tuliyo nayo mara nyingi ni ya bahasha inayopita chini ya meza, na sisi tukijiona hatuna bahasha tunajihesabu kuwa safi. Kumbukumbu la Torati 16:19 inasema kwamba zawadi hupofusha macho ya wenye hekima. Ya wenye hekima! Mpumbavu hana haja ya kupofushwa. Wazee wale walikuwa watu wenye hekima na wenye shukrani, na shukrani ndiyo iliyotumika kuwafunga. Kiswahili chetu kinatupa methali za kutosha za kujitetea: mgeni njoo mwenyeji apone, mkono mtupu haulambwi. Lakini kipo pia kile kinachosema mla cha mwenzio na chako huliwa. Katika usharika ule, kilicholiwa hakikuwa cha wazee waliopokea. Kilikuwa cha wajane.

Sasa, kuna swali ambalo huulizwa kila mara tunapogusa mambo haya, nasi tulipitie upesi: je, mimbari ni mahali pa siasa? Mimbari si mahali pa kampeni. Mhubiri asimwambie msharika ampe nani kura, na asivae rangi ya chama, iwe ya chama tawala au cha upinzani. Lakini kusema kwamba mjane amenyang'anywa bustani si kampeni. Kanisa letu lina historia katika hili. Maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Bagamoyo mwaka 1994, nchi ilipokuwa inaingia katika mfumo wa vyama vingi. Wakati wa Pasaka ya mwaka 2018 walitoa waraka wa "Taifa Letu, Amani Yetu", na tunakumbuka jinsi barua ilivyoandikwa kutoka ofisi ya usajili wa jumuiya kutaka waraka ule ufutwe, hadi Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule akaikana barua hiyo. Neno likiwa zito, huitikiwa namna hiyo. Lakini nyaraka za maaskofu ni za kila baada ya miaka kadhaa. Mchungaji wa usharika anasimama kila Jumapili, naye ndiye anayeonana na diwani kwenye msiba na kwenye harusi.

Na baada ya yale tuliyoyaona mwaka 2025, hatuwezi kulizungumza jambo hili kama la kinadharia. Uchaguzi wa Oktoba 29 uliishia katika maandamano, watu waliuawa, mtandao wa intaneti ukazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam. Tume ya uchunguzi iliundwa. Siyo kazi ya mada hii kuchambua yaliyotokea. Tunachosema ni kwamba Jumapili iliyofuata watu walikuja kanisani wakiwa na kilio, wengine wakitafuta habari za watoto wao, na kila mmoja alitaka kusikia mchungaji atasema nini. Siku kama hiyo usharika hauwezi kuanza kutafuta uhuru wake. Ama unao tayari, au haunao.

Wenzetu wa Kenya wamelipitia hili kabla yetu, na kwa ukali zaidi, maana kule harambee za wanasiasa makanisani zimekuwa ni mashindano. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana, akiwa Butere, alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani, nao wakubwa wakiwa wamekaa mbele yake. Katika maandamano ya vijana ya mwaka 2024, fedha za wanasiasa makanisani zilikuwa moja ya malalamiko. Vijana waliyauliza makanisa mnakula na nani. Kisha Novemba 2024 maaskofu wa Katoliki walitoa tamko la kuikosoa serikali. Siku chache tu baadaye Rais William Ruto alihudhuria ibada katika parokia ya Soweto, Nairobi, akatoa shilingi za Kenya 600,000 kwa ajili ya kwaya na halmashauri ya parokia, na milioni 2 za kujengea nyumba ya mapadri, akaahidi na milioni 3 zaidi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha zile zirudishwe.

Hebu wanakamati mjiweke mahali pa parokia ile. Nyumba ya padri haijaisha. Fedha zimekwisha hesabiwa. Kwaya imeshaanza kuulizia bei ya vinanda. Halafu inatoka amri: rudisheni. Bila shaka walikuwepo walionung'unika, na sisi hatuwacheki. Lakini fikirini upande wa pili. Kama fedha zile zingebaki, tamko la maaskofu lingesomwaje na mkulima au mwendesha bodaboda? Angesema wamekemea Alhamisi, wamelipwa Jumapili.

Katika Biblia yupo aliyelielewa hili mapema kuliko wote. Mwanzo 14, Abramu amewaokoa watu wa Sodoma pamoja na mali zao. Mfalme wa Sodoma anamwambia achukue mali, amwachie watu. Kwa desturi za vita ilikuwa ni haki yake. Abramu anakataa hata uzi na gidamu ya kiatu, na anasema wazi sababu: asije mfalme yule akasema kwamba yeye ndiye aliyemtajirisha. Abramu hakujali sana uzi ule una thamani gani. Alijali hadithi itakayosimuliwa baadaye. Lakini msome mstari wa mwisho wa sura hiyo: anawaachia wenzake waliofuatana naye wachukue fungu lao. Hakuwalazimisha wengine waubebe msimamo wake. Hili nalo ni la kufikiri, hasa kwa viongozi wepesi wa kutoa maagizo kwa sharika ambazo wao hawanyeshewi nazo.

Yupo pia Gehazi, 2 Wafalme 5. Elisha amekataa zawadi za Naamani, jemadari wa Shamu. Mtumishi wake anaona hasara hiyo haivumiliki, anamkimbilia mgeni njiani na kuomba talanta moja ya fedha na mavazi mawili, kwa kisingizio cha wageni waliofika. Wakati mwingine mchungaji amekataa vizuri kabisa, halafu mjumbe mmoja wa kamati anaonekana akimsindikiza mheshimiwa hadi kwenye gari. Mnacheka, lakini mnamjua.

Tukija kwetu Walutheri, hatuna udhuru. Mwaka 1517 Martin Luther alipoandika hoja zake 95, kilichokuwa kinauzwa kijijini na mhubiri Johann Tetzel kilitangazwa kama mchango wa ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Wasichokijua wanakijiji ni kwamba nusu ya fedha ilikuwa inakwenda kulipa deni. Askofu Mkuu Albrecht alikuwa amekopa kwa matajiri wa ukoo wa Fugger ili apate cheo cha Mainz, na mahubiri yale ndiyo yaliyokuwa marejesho ya mkopo. Harambee ya ujenzi wa kanisa, mwanasiasa wa kanisa mwenye deni, na mhubiri anayesema kile kinacholeta fedha: hapo ndipo Matengenezo yalipoanzia. Kila tarehe 31 Oktoba tunaadhimisha, na uchaguzi wetu mkuu huangukia karibu na tarehe hiyo. Mwaka 2010 viliangukia siku moja kabisa, Jumapili ya tarehe 31 Oktoba. Tungependa siku moja mhubiri wa Sikukuu ya Matengenezo asome hadharani orodha ya waliochangia ujenzi wa kanisa analohubiria, na aone kama sauti yake itabaki palepale.

Basi tufanye nini? Tusiseme mwanasiasa asitoe sadaka. Kama ni msharika wenu, ana bahasha kama wengine, ana namba, atoe kulingana na alivyobarikiwa, apewe risiti, na jina lake lisomwe pale ambapo majina yote yanasomwa, au lisisomwe kama mengine hayasomwi. Tatizo linaanza pale anapotoka kwenye bahasha na kwenda kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza kwa mabaraza ya wazee ni hilo: asiyehubiri wala kuongoza ibada asishike kipaza sauti ndani ya ibada. Anayetaka kusalimia asalimie nje, kwenye mnada, huku akinunua mkungu wa ndizi kama watu wengine. Tumeona sharika zilizofanya hivi, na wageni rasmi wenyewe waliondoka na heshima zaidi.

La pili ni maandishi. Paulo alipokusanya mchango mkubwa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakutegemea jina lake jema. 2 Wakorintho 8:20-21 anaeleza kwamba aliweka watu wa kuandamana na fedha ili asiwepo wa kumlaumu, apange yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kamati ya ujenzi iwe na kiwango ambacho zawadi ya mtu mmoja ikikizidi, haipokelewi mpaka baraza la wazee likae, likiwa limeshajua anatoka wapi na anakwenda wapi. Kiwango chenyewe pangeni ninyi, maana sharika za mjini na za milimani hazilingani. Lakini kipangwe leo, wakati hakuna mtu mlangoni. Kikipangwa huku saruji ikiwa kwenye lori, kitapangwa kwa uzito wa saruji.

Tena mtofautishe fedha ya mtu na fedha ya umma. Tangu mwaka 2009 upo kisheria Mfuko wa kuchochea maendeleo ya majimbo ya uchaguzi. Ile ni kodi yetu. Ikija kujenga darasa au zahanati mnayoiendesha, mshukuruni Mungu na mwandike barua rasmi ya kupokea fedha ya umma. Hakuna sababu ya kuchora jina la mtu ukutani kwa ajili ya fedha ambayo mama muuza vitumbua ameichangia kila aliponunua sukari.

La tatu ni gumu, nalo ndilo kazi yetu hasa: mikuyu. Usharika usio na chake utapokea tu, hata tukiuandikia nyaraka ngapi. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Usharika una kaya 300. Kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya ujenzi peke yake, kwa mwaka ni shilingi 3,600,000. Haitoshi kuezeka kanisa kubwa. Kwa miaka minne ni milioni 14 na laki nne, nayo inaezeka sehemu ya kutosha kumkinga mtu na mvua, bila kuandika jina la mtu yeyote mlangoni. Ongezeni mnada wa mazao baada ya ibada, ambao kwa kweli ndio mkuyu wa Kanisa hili. Pale yai moja huuzwa mara tano, kila anayelinunua akilirudisha liuzwe tena. Ongezeni shamba la usharika kama lipo na halijakodishwa kwa bei ya kirafiki kwa mzee fulani. Ni polepole, ndiyo. Baadhi yenu mtasema wanakijiji ni maskini. Marko 12 inatukumbusha kwamba Yesu alikaa kulielekea sanduku la hazina akitazama jinsi watu wanavyotoa, na kabla tu ya kumsifu mjane wa senti mbili alikuwa amewakemea wale wanaokula nyumba za wajane. Hizi habari mbili zimewekwa pamoja. Kanisa linalopokea sarafu za mjane lina deni la kuitetea nyumba yake. Na pengine ndiyo maana wengine wetu huona ni rahisi zaidi kupokea kwa tajiri.

Hapa tuna neno kwa wageni wetu wa ng'ambo, nao watatuwia radhi. Fedha yenu pia ina sauti. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba taifa linalotegemea misaada ya nje linahatarisha uhuru wake, na usharika hauna tofauti. Mnapoleta fedha ya kumaliza jengo zima kwa mwaka mmoja, mmetuondoa mikononi mwa diwani na kutuweka mikononi mwenu. Mnapoongezea shilingi moja juu ya kila shilingi ambayo usharika umeitoa wenyewe, mnatunza mikuyu. Paulo alikataa kulipwa na Wakorintho lakini akapokea kwa Wafilipi, mara zaidi ya moja, na Wafilipi 4 inaonyesha kwamba kati yao kulikuwa na ushirika wa kutoa na kupokea, hesabu ya pande mbili. Tuulizeni tunavyotumia. Nasi tuwe huru kuwaambia pale masharti yenu yanapotubana.

Limeulizwa swali wakati wa chai, tulijibu kabla ya kwenda kwenye vikundi. Mjumbe anasema: sisi tayari tumepokea, mabati yako juu, jina liko ukutani, tuyaezue? Hapana, msiezue. Anzeni na jina. Liondolewe pamoja na majina mengine yote, kwa uamuzi wa baraza uliomo kwenye kumbukumbu, na aliyetoa aandikiwe barua ya shukrani ya kueleza hivyo kwa heshima kabla hajaona ukuta umepakwa rangi. Kisha pigeni hesabu ya thamani ya mabati, na usharika uamue kutoa kiasi hicho kidogo kidogo kwa ajili ya wahitaji wa pale kijijini. Usharika mmoja umeanza kwa shilingi 50,000 kila mwezi, na mhazini wake yuko hapa, amekuja na daftari. Kundi la kwanza mtakaa naye chini ya mwembe, kundi la pili mtabaki humu ndani na fomu za kiwango cha zawadi, na tunaomba fomu zilizojazwa na kusainiwa na mwenyekiti wa baraza la wazee zifike ofisi ya miradi kabla ya mwisho wa mwezi.